Koti la Pauni Sita

Pale Skelderby, mji mdogo wa kaskazini ya Uingereza, mtu akisifiwa nguo hasemi asante. Anataja bei. Ukimwambia mwanamke wa mji ule, "Sketi yako inapendeza," atakujibu papo hapo, "Pauni mbili, duka la hospisi," na usoni atajitia unyenyekevu kama anayeungama, kumbe moyoni anajipigia vigelegele. Kadiri bei inavyopungua ndivyo kichwa kinavyovimba. Anayenunua nguo mpya kwa bei iliyoandikwa, huyo huhesabiwa kuwa mjinga au mtu wa London, na watu wa Skelderby hawajaona bado tofauti ya mambo hayo mawili.

Katika mchezo huu hakuna aliyemfikia Muriel Sugden. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili, na sasa, akiwa na miaka sabini na mmoja, mfupi, mwenye mikono minene iliyozoea kuponda viazi vya watoto mia mbili, kazi yake ilikuwa moja tu: kuwinda vya bei chee. Kila Ijumaa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ungemkuta mbele ya duka la hospisi katika Mtaa wa Soko, akingoja lifunguliwe saa tatu na nusu. Hospisi yenyewe iko juu kilimani, wanakouguzwa wagonjwa waliokwisha kata tamaa ya kupona. Watu huleta nguo na vyombo vyao bure, wazee wa kujitolea huviuza, na fedha huenda kuwafariji wagonjwa. Hiyo ndiyo nia ya duka. Muriel hakuwa na haja na nia. Haja yake ilikuwa ile reli ya nguo iliyo karibu na ukuta, maana mitumba mipya hutundikwa pale kila Ijumaa.

Alikuwa na utaratibu wake. Nguo huinuliwa kwanza kwenye mwanga kutafuta matundu. Kisha hunuswa kwapani, bila haya, mbele za watu. Kisha pindo hugeuzwa. Halafu Muriel hutazama karatasi ya bei na kushusha pumzi ndefu, yenye huzuni, kama aliyepokea simu ya msiba. Pumzi ile ilikuwa na thamani ya pauni nzima. Mzee yeyote wa kujitolea aliyeisikia alijiona katili, akachukua kalamu akapunguza bei. Kwamba pauni ile ilikuwa inatolewa kinywani mwa mgonjwa, hilo Muriel hakuwahi kulifikiria.

Ukiingia nyumbani kwake ungeona matunda ya uwindaji huo. Palikuwa na mashine tatu za kuoka mkate, na hata moja haikuwa na kile kidude cha kukandia. Palikuwa na mchezo wa kupanga herufi usio na herufi A. Mapazia ya sebuleni yalikuwa ya velveti nyekundu, pauni nne pea nzima, mafupi kwa kiasi cha mkono mmoja, kwa hiyo kochi lilisogezwa dirishani kuficha aibu na tangu hapo hakuna aliyeweza kuitazama televisheni bila kupinda shingo. Mumewe, Clifford, fundi bomba mstaafu, mtu mpole sana, alikuwa na viatu vya ngozi safi kabisa, cha kulia saizi nane na cha kushoto saizi tisa.

"Muriel, mke wangu, hiki kinapwaya," alilalamika siku ya kwanza.

"Vaa soksi mbili huko."

"Na hiki kinabana."

"Basi hiki usivae soksi. Pauni moja na nusu, Clifford! Unataka wakupe na miguu?"

Clifford akavaa soksi mbili upande mmoja, upande wa pili mguu mtupu, akaenda hivyo kanisani miaka minne.

Lakini taji halisi la Muriel lilikuwa koti. Koti la kijani kibichi, refu, zito, la kola pana, linalomkaa mabegani hadi mtu mfupi akaonekana ana kimo. Mji mzima ulilijua kwa jina: koti la pauni sita. Wanawake walionyeshana njiani. "Lile pale. Pauni sita! Duka la hospisi!" Wapo walioamka alfajiri mwaka baada ya mwaka wakitumaini duka litatoa la pili, wakaishia na masweta yaliyoliwa na nondo.

Duka halikutoa la pili kwa sababu halikuwahi kutoa la kwanza.

Ukweli, ambao Muriel hakumwambia hata Clifford, ni huu. Juma lile alilostaafu, miaka kumi na moja nyuma, shule ilimpa saa ya ukutani na bahasha ya kiinua mgongo, wakamwimbia, wakamuaga. Siku ya pili alipanda basi kwenda mji wa Leeds kwa daktari wa macho. Mvua ikamkuta njiani, akajibanza ndani ya duka moja kubwa, lile la ghorofa nne na mazulia mpaka chooni. Alipanda ghorofa ya pili kutafuta pa kukauka tu. Koti lilikuwa limevalishwa sanamu. Akaligusa kwa kidole. Dada wa dukani akaja taratibu, bila kumtazama viatu, akamwambia, "Lijaribu, bibie. Kujaribu hakulipiwi."

Kwa miaka thelathini na miwili watu walimwita Sugden wa jikoni. Hakuna aliyewahi kumwita bibie. Alipojitazama kwenye kioo aliona mwanamke ambaye hajawahi kuponda kiazi. Akageuka upande, akajitazama tena. Ile ilikuwa furaha, furaha kubwa kuliko ya siku ya harusi yake, na aliona aibu nayo. Bei ilikuwa pauni mia mbili themanini na tano. Akalipa zote. Hakushusha pumzi, hakuomba apunguziwe, alilipa kama mtu wa London.

Njiani kurudi akili zikamrudia. Ndani ya basi akakata lebo kwa kimkasi cha kucha. Risiti akaichana vipande kumi na sita, akavitia katika mapipa matatu tofauti.

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, akakutana na Sylvia Lumb. Huyu Sylvia ni mjane wa daktari wa meno, ana nyumba ya vyumba sita kule juu na fedha za kumtosha mpaka ahera, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayependa kupunguziwa bei kama yeye. Yeye ndiye aliyekuwa akimfuata Muriel kwa karibu katika mchezo.

"Muriel! Koti gani hilo! Umeua!"

"Pauni sita," ulimi wa Muriel ukajibu. "Duka la hospisi."

Lilitoka lenyewe. Watu wa kule ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaokuomba radhi, kabla hawajajua wanasema nini, na hivi ndivyo Muriel alivyosema uongo. Angeweza kuufuta palepale kwa kicheko. Lakini aliuona uso wa Sylvia ukigeuka rangi kwa kijicho, na utamu wa ule uso ulimzidi. Akauacha uongo utembee.

Ukatembea kweli, ukafika mpaka kwenye kamati ya hospisi. Kamati ikauliza swali ambalo Muriel hakulitegemea: ni nani aliyeuza koti kama lile kwa pauni sita? Wagonjwa wanakosa mito, nyinyi mnagawa makoti? Mwenye kupanga bei wakati ule alikuwa Noreen Pickersgill, karani mstaafu wa maktaba, mwanamke mwembamba, msahihi, aliyekuwa na meza yake nyuma ya duka, na kalamu yake, na kiti chake chenye mto. Aliipenda meza ile kuliko kitu chochote tangu astaafu. Noreen akaapa kwamba koti lile hajaliona maishani. Alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyemsadiki. Wakasema ni uzee. Wakampa meza mama mwingine, na Noreen wakampeleka stoo kuhesabu vipande vya zile picha za kuunganisha. Sanduku likija limeandikwa vipande elfu moja, Noreen anavihesabu kimoja kimoja kuhakikisha vipo elfu moja, kisha anabandika karatasi: kamili. Miaka kumi na moja.

Zamani hizo, mambo yalipokuwa mabichi, alikuja kulia jikoni kwa Muriel.

"Shoga yangu, hebu niambie wewe uliyelinunua. Mimi ndiye niliyelitia bei? Ningelisahauje koti kama lile?"

Muriel akamkatia kipande cha keki.

"Kula, shoga. Sote tunasahau."

Keki yenyewe ilikuwa ya juzi, nusu bei. Noreen aliila yote, akashukuru, na kufikia Pasaka yake alikuwa ameshaamini mwenyewe kwamba akili zake zimeanza kulegea.

Basi, Ijumaa moja ya Novemba, mvua za rasharasha, baridi ya kuuma masikio, Muriel akaingia dukani na koti lake kama kawaida. Siku hiyo mambo ya duka yalikuwa yamevurugika. Mama wa bei alikuwa hospitalini, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa hiyo Noreen aliitwa kukaa kwenye meza ya zamani, kwa muda tu, mpaka mwenyewe apone. Na kwenye kaunta alikuwepo mtu mgeni wa kazi, Bwana Desmond Outhwaite, meneja wa benki aliyestaafu, wiki yake ya kwanza, amefunga tai kuuza vikombe vilivyokatika mikono.

Muriel akaliona jaketi la rangi ya haradali. Akaliinua kwenye mwanga, akalinusa, akageuza pindo. Pauni nne. Akashusha pumzi kwa kujipasha moto tu. Kile chumba cha kujaribia kilikuwa kimejaa mafurushi ya mashuka, kwa hiyo akavua koti lake, akalitundika kwenye henga tupu mwisho wa reli, kama alivyofanya mara mia, akaenda kwenye kioo kilicho nyuma ya rafu ya vitabu. Jaketi likagoma kifuani. Akavuta zipu kwa nguvu. Zipu ikauma kitambaa cha sweta, ikakwama.

Akiwa katika mieleka ile akasikia sauti ya Sylvia Lumb kule mbele.

"Noreen! We Noreen, hebu njoo uone! Hili si koti la Muriel?"

Vishindo vya Noreen vikatoka nyuma.

"Ndilo," Noreen akasema. "Ndilo lenyewe. Amelirudisha."

"Amelirudisha?"

"Wewe unaliona liko wapi? Liko kwenye reli. Ameona nimerudi mezani, akalirudisha ili nilitie bei mimi." Sauti ikaanza kukatika. "Miaka kumi na moja, Sylvia. Hakusema neno. Kalileta tu."

Muriel akatoka nyuma ya vitabu, jaketi la haradali limemning'inia bega moja, tayari kusema kwamba jamani, nimevua tu. Hakupata nafasi. Noreen alimkumbatia pamoja na jaketi lake, akilia bila kujificha, na kulia hadharani kule ni jambo ambalo mtu hufanya mara moja tu maishani.

"Usiseme kitu, shoga," Noreen akamwambia sikioni. "Usiseme kitu. Mimi najua kwa nini umefanya hivi."

Wateja wakaanza kupiga makofi, yale makofi yao ya vidole viwili juu ya kiganja. Bwana Outhwaite akanyanyuka nyuma ya kaunta.

"Ukarimu mkubwa sana huo, Bi Sugden."

"Aa," Muriel akasema, "si kitu."

Ulimi ule ule! Watu wa kule ukiwasifu kwa wema wanasema si kitu, hata kama wamejitoa figo. Muriel alilisikia neno likitoka na moyo ukampasuka paa. Sasa duka zima lilikuwa limesikia kutoka kinywani mwake kwamba koti amelitoa.

Noreen akalibeba koti mpaka mezani. Akalitandaza, akalipapasa mishono, akageuza bitana, akakaa kwenye kiti, akafikiri sana. Halafu akaandika kwa mwandiko wa maktaba, herufi zimesimama wima: pauni tisini. Akalibandika.

"Safari hii bei yake ni bei yake," akasema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akacheka. "Mchana nawapigia simu kamati. Nitawaambia, lile koti limerudi, na limeuzwa kwa bei ya haki, na nimeliuza mimi."

Kabla hajamaliza Sylvia alikuwa ameshalichukua, akaenda kupanga foleni. Mbele yake alikuwepo mzee mmoja mwenye vitabu vitatu vya vita. Muriel akalivua lile jaketi kwa kulichana zipu hata sweta likatoboka, akalitupa jaketi, akakimbilia kaunta, akafika, akasimama nyuma ya Sylvia. Nyuma. Angeweza kumpita, akalishika koti lake mwenyewe akaondoka nalo, nani angemzuia? Lakini hakuna mtu wa Skelderby aliyewahi kuvunja foleni, hata nyumba ikiwaka moto watasubiri zamu ya ndoo.

Na Muriel alijua vizuri kinachouzwa pale. Akinyamaza, koti linakwenda kwa Sylvia, naye atabaki malkia wa bei chee, na zaidi ya hapo atakuwa mtakatifu. Akisema ni langu, nimevua tu, Noreen atakufa kwa aibu mbele za watu, na bado wataendelea kuuliza mambo. Ile baridi ya mlangoni ikamwingia kwenye sweta. Alilitaka koti lake. Alilitaka kama mtoto anavyotaka kurudishiwa mama yake sokoni.

"Sylvia," akasema kwa sauti ndogo, "hilo litakubana mabegani."

"Halinibani hata kidogo. Nimepungua."

"Rangi hiyo inakuzeesha."

"Wewe ilikuzeesha, mpenzi, mimi nina ngozi nyeupe zaidi."

Mzee wa vitabu akaondoka. Sylvia akaweka koti kaunta, akasoma karatasi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akashusha pumzi. Muriel aliitambua pumzi ile. Aliyemfundisha ni yeye mwenyewe.

"Tisini, Noreen? Koti ambalo dunia nzima inajua ni la pauni sita?"

"Liliuzwa sita kwa makosa," Noreen akajibu. "Makosa yangu mimi."

"Nakupa ishirini."

"Tisini."

"Shoga, tusemezane ukweli. Limevaliwa miaka kumi na moja na mpishi. Hebu nusa. Kitunguu! Kola imechakaa. Kifungo hiki kinataka kudondoka." Sylvia akaifinya kona ya koti baina ya vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya. "Na hii si sufu. Mimi najua sufu, marehemu mume wangu alikuwa na suti saba. Hii ni nailoni."

"Nailoni mwenyewe!"

Duka zima likageuka. Muriel alikuwa ametoka kwenye foleni, amesogea mpaka kwenye kaunta, uso mwekundu mpaka kwenye masikio.

"Hiyo ni sufu tupu! Sufu iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi wa milimani, na bitana yake ni hariri! Hakuna uzi wa nailoni hata mmoja humo! Yule dada alinionyesha mwenyewe kwa mkono wake!"

"Dada?" Noreen akauliza. "Dada gani?"

Bwana Outhwaite, aliyezoea kutazama hesabu mpaka zikubaliane, akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa kazini, mmoja ana miaka sabini na nane na mwingine themanini na moja.

"Hapa hatuna dada, Bi Sugden," akasema.

Muriel angeweza bado kujikwamua, wapo watu wangejikwamua. Lakini alikuwa amechoka, na mkono wake ulikuwa umeshaligusa koti.

"Wa Leeds," akasema. "Lile duka kubwa, ghorofa ya pili. Pauni mia mbili themanini na tano. Lilikuwa jipya."

"Jipya?" Sylvia akarudia, kwa sauti ambayo mwingine angeulizia, uchi?

Mama mmoja aliyekuwa akichagua vikombe akaweka mkono mdomoni. Kama Muriel angeungama kwamba amemtilia Clifford sumu kwenye chai, nadhani wangemletea kiti. Kununua kwa bei kamili na kudanganya miaka kumi na moja, hilo hawakuwa na pa kuliweka.

Noreen hakupiga kelele. Alikuja taratibu mpaka kwenye kaunta, akasimama.

"Kwa hiyo mimi sikuliona."

"Hukuliona, Noreen."

"Wala sikulitia bei."

"Hukulitia."

"Nilikuja kwako. Nililia mezani pako nikikuuliza kama nina wazimu, ukanipa keki."

"Noreen, shoga yangu, sikujua kama watakuondoa..."

"Lakini waliponiondoa ulijua."

Safari hii ulimi haukumletea Muriel lolote. Sylvia, ambaye kwa furaha ya kumwona mwenzake ameanguka alikuwa ameshasahau kwamba anataka koti, akalisukuma mbele kwa kidole.

"Basi mwacheni na koti lake."

"Naam, kwa mujibu wa sheria," Bwana Outhwaite akaanza kukohoa kimeneja, "mali ambayo haikutolewa sadaka inabaki kuwa ya mwenyewe. Kwa hiyo Bi Sugden ana haki ya kulichukua bila..."

"Bwana Outhwaite, hiyo karatasi imeandikwaje?" Noreen akamkatiza.

"Tisini."

"Basi mtoze tisini."

"Noreen!" Muriel akasema. "Ni koti langu!"

"Nani kasema si lako? Ni lako. Lakini umeuambia mji huu kwamba ulilinunua hapa. Kanisani umesema, sokoni umesema, mpaka kwenye kamati maneno yako yakafika. Miaka kumi na moja unasema ulilinunua hapa." Noreen akamwelekeza kwenye mashine ya kadi. "Haya, linunue."

Bwana Outhwaite akamtazama Noreen, akamtazama Muriel, akabonyeza tarakimu. Muriel akatoa kadi. Pauni tisini! Duka lile halijawahi kuuza kitu kwa bei hiyo, si kabati, si piano. Akakosea namba ya siri mara ya kwanza, watu wakasubiri kwa adabu kubwa, na adabu ile ilimuuma kuliko kama wangemzomea. Noreen alikuwa ameshajiondokea. Alivuta kiti chake chenye mto, akakaa, akachukua nguo iliyofuata kwenye rundo, akaanza kuipapasa mishono. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba yuko pale kwa muda.

Mashine ikatoa risiti. Bwana Outhwaite akamkabidhi Muriel kwa mikono miwili.

"Mfuko ni peni kumi, Bi Sugden," Noreen akasema kutoka mezani, bila kuinua kichwa. "Au unalivaa?"

Muriel akatazama nje. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, na mtaa mzima ulikuwa kwenye mvua na miavuli yake. Mama wa vikombe alikuwa ameshatoka, na pale nje aliinama kwenye sikio la mwenzake, na mwenzake akageuka kutazama dukani. Mpaka afike mwisho wa mtaa wangekuwa wameshasikia wote. Muriel akalitazama koti. Lilikuwa zuri bado, zuri kuliko kitu chochote alichopata kuwa nacho, na alilipenda kwa moyo wake wote.

"Nipe mfuko," akasema.

Akalikunja, akalisokomeza lote ndani mpaka rangi ya kijani isionekane, akalipa peni kumi. Kisha akatoka na sweta lake lililotoboka kifuani, amekumbatia mfuko, na mvua ya Novemba ikamnyeshea mpaka nyumbani.